Kugeuka Bila Kumwaga Kikapu

Mimi ni Kipngetich. Nyinyi mnaoanza kazi bwawani mnanijua kama yule mtu wa kwenye benchi kando ya stoo, asiyeongea sana. Nimestaafu kabla ya kufika miaka thelathini. Mama yangu anasema kustaafu ni neno la wazee wenye fimbo, niseme tu nimeacha kazi. Lakini goti langu la kushoto ndilo lililotangulia kustaafu, na mimi nimelifuata.

Mwenye klabu aliniomba niwaandikie yale ninayoyajua kabla sijayasahau. Alidhani nitamaliza kwa wiki moja. Mimi niliishia darasa la nane na ninaandika polepole, kwa hivyo amengoja. Sitaandika nililipwa nini wala nilipandishwa cheo lini. Anayetaka hayo aulize ofisini. Nitaandika juu ya miguu, kwa sababu katika bwawa letu kazi ni miguu.

Kwa yule atakayesoma na hajawahi kufika kwetu, bodi ya foili ni ubao wa kusimamia wenye tanga juu, na chini yake mguu mrefu wa chuma wenye mabawa. Upepo ukivuta tanga na bodi ikishika mwendo, yale mabawa huinua ubao wote nje ya maji. Unapita hewani kimya, juu ya maji kiasi cha goti. Watu hutuuliza kwa nini mchezo kama huo uje Kericho, katikati ya mashamba ya chai, mbali na bahari. Sababu ni kwamba upepo wetu ni mdogo, na foili huridhika na upepo mdogo. Mwenye klabu alikuwa mhandisi, akapata mabodi yaliyotumika, akaomba ruhusa ya bwawa la shamba. Hayo ndiyo maelezo yote. Hakuna hadithi nyingine ndani yake.

Shida ni kwamba bwawa ni fupi. Unapaa, unavuta pumzi, ukingo umefika. Baharini mtu anaweza kwenda moja kwa moja mpaka achoke, na habari ya kugeuka akaifikiria akiwa amerudi nyumbani. Hapa lazima ugeuke ama uingie kwenye majani chai. Ndiyo maana wanafunzi wetu hawajui kwenda mbali, lakini wakijua kitu, wanajua kugeuka.

Siku yangu ya kwanza nilikuja kufyeka nyasi. Aliyekuwa akisimamia stoo ni Okello. Kabla ya hapo alikuwa fundi wa mashine kiwandani, na alizaliwa hapahapa, kwenye nyumba za laini za wafanyakazi, baba yake akiwa ametoka upande wa ziwa. Kwa sababu ya jina lake, ambalo ni la watu wa ziwani, kila mtu alidhani alizaliwa akijua kuogelea. Baadaye aliniambia kwamba alijifunzia hapa bwawani akiwa mtu mzima, akikumbatia dumu la mafuta ya kupikia.

Alinitazama nikifyeka, kisha akaja.

"Wewe kijana, unaogopa maji?"

Niliendelea kufyeka.

"Hiyo ni ndiyo ama ni hapana?"

"Ni ndiyo."

"Sawa. Wale hawaogopi ndio hunisumbua. Weka panga chini, shika hii spana."

Hakuniingiza majini siku hiyo wala wiki hiyo. Alinifundisha skrubu. Foili imeshikwa kwenye bodi kwa skrubu chache tu, na maji yetu yana udongo mwekundu unaoingia kila mahali. Jioni fungua zote, osha kwa maji ya tangi, pangusa, paka grisi kidogo, kisha asubuhi kaza ukipokezana pembe kwa pembe, usimalize upande mmoja kwanza. Halafu shika bawa utikise. Usiangalie, sikiliza kwa mkono. Foili iliyolegea hutetemeka mtu akiwa hewani, naye hudhani ni miguu yake inayotetemeka. Nimewahi kumwona mwanafunzi akijilaumu mchana mzima kwa sababu ya skrubu moja.

Baada ya skrubu kukaja tairi. Lile tairi la trekta lililo nyuma ya stoo ni la Okello, na bodi kuukuu iliyo juu yake ni ya Okello pia, na ule mstari mweupe uliopita katikati ya bodi alichora yeye, kwa rangi ileile inayopakwa mawe ya kando ya barabara. Msiutupe. Ukisimama juu ya bodi hiyo, tairi linayumba kama bodi inavyoyumba ikiwa hewani, tofauti ni kwamba ukianguka unaangukia nyasi. Nilisimama hapo muda mrefu kuliko nilivyosimama mahali pengine popote katika kazi hii. Okello alikaa kwenye ngazi ya stoo akinywa chai.

"Miguu kwa mstari," alisema. "Sio huko. Kwa mstari. Unaogopa mstari?"

Jambo lenyewe ni hili. Kwetu tunageuka kwa kuupa upepo mgongo. Bodi inachora nusu duara, tanga linahamia upande wa pili, na wewe unabadilisha miguu. Kabla ya kuanza, toa mguu wa nyuma kwenye kamba yake, ile inayoushika juu ya bodi. Uweke karibu na ukingo wa ndani wa duara, na uubonyeze kwa upande wa vidole, taratibu, kama mtu anayejaribu kama chapati imeiva. Magoti yalegee. Macho yatazame kule unakokwenda, si chini. Bodi ikishaanza kuzunguka, toa mguu wa mbele pia, kisha badilisha, wa nyuma uje mbele na wa mbele urudi nyuma. Katikati ya hapo kuna muda mfupi ambao miguu yote miwili iko pamoja juu ya mstari, na hapo ndipo kazi ilipo. Hatua ziwe ndogo na nyepesi. Ukiruka, bodi inaruka nawe. Ukikanyaga kwa uzito nyuma, pua ya bodi inapanda, foili inatoka majini, na unarudi chini kwa kishindo. Ukikanyaga mbele mno, pua inazama na wewe unaendelea peke yako.

Na kuna kosa ambalo nadhani ni letu sisi. Mtu wa huku amekulia mteremkoni. Tangu anatambaa, ardhi imelala upande mmoja. Mvua ikinyesha udongo unateleza kama sabuni, na mtu mwenye gambuti hujifunza mapema kuchimba kisigino na kuegemea upande wa kilima. Kisigino ndicho breki yetu. Hatujui hata kwamba tunafanya hivyo. Sasa mpandishe mtu huyo kwenye bodi, bodi ianze kuinama katika duara, na mwili wake unasema tunateremka, chimba. Anachimba visigino, anaegemea nyuma kutafuta kilima. Bodi inaacha kugeuka, pua inapanda, ameanguka. Wageni kutoka Nairobi huanguka pia, lakini wao huanguka kila mtu kwa namna yake. Watu wa huku tunaanguka namna moja.

"Nyinyi watu wa Kericho mnatafuta kilima hata ndani ya maji," Okello alisema. "Hakuna. Mimi nimetafuta, nimekosa."

Alisema nyinyi, ingawa yeye naye alikuwa na visigino vyetu. Mama yake alipougua akaenda kumtunza kwao upande wa ziwa, mahali ambapo alikuwa akifika likizo tu. Baada ya wiki chache alinipigia simu.

"Kip, hapa ni tambarare kabisa. Natembea kama mlevi."

Hakurudi. Aliniachia spana, filimbi na lile tairi. Nikawa mwalimu mahali pake, nikafundisha miaka iliyofuata kwa maneno yake, nikipunguza yale ya matusi. Sikuwa na sauti yake. Okello akizungumza ukingoni alisikika mpaka mikaratusi ya ng'ambo. Mimi nilikuwa nikingoja mwanafunzi arudi ukingoni ndipo nimwambie, na wakati huo alikuwa amekwisha sahau alichofanya.

Goti liliharibika kwa jambo la kawaida. Niligeuka mguu wa mbele ukiwa bado kwenye kamba. Mwili ulizunguka, mguu ukabaki. Ndiyo sababu nimewaandikia hapo juu kwamba miguu yote miwili itoke. Daktari alilizungusha goti huku na huku akaniambia ninaweza kulima, kutembea, hata kucheza harusini, ila bodi basi.

Mwenye klabu akasema tutahitaji mwalimu mwingine. Ama apatikane mtu wa hapa atakayefaulu mtihani wa ualimu, ama aletwe mmoja kutoka Pwani. Na hapo ndipo inaingia kesi ngumu kuliko zote nilizowahi kupata, ambayo ni Mama Faith.

Mama Faith mnamjua, kwa hivyo nitaeleza kwa ajili ya wengine. Jina lake ni Chepkorir. Alikuwa mchumaji wa chai tangu ujana wake, mpaka shamba lilipoleta mashine za kuchumia. Aliyekuwa na bahati alipewa kazi nyingine. Yeye alipewa muda wa kukaa kwenye nyumba ya laini mpaka mwisho wa muhula, kwa sababu binti yake Faith alikuwa kidato cha tatu katika shule ya hapo karibu. Baada ya hapo angehamia Siongiroi kwa kaka yake, ambaye alikuwa amemwambia nafasi ipo, kuna mbuzi wa kuangalia, na Faith angetafutiwa shule huko, ikipatikana. Mwalimu wa bwawa hupewa nyumba. Kwa hiyo kwake mtihani haukuwa wa mchezo. Ulikuwa wa kama Faith atamalizia shule aliyoianza.

Alikuja kwetu kwanza kupika chai ya wageni. Siku moja alipanda kwenye tairi kwa mzaha, sufuria ikiwa mkononi, na hakuanguka. Nilimwona kupitia dirisha la stoo. Alijifunza kuogelea kwa dumu lilelile la Okello. Kwenda moja kwa moja alinishinda, alisimama juu ya foili kama mtu anayengoja zamu yake ya kusaga unga posho mill. Kisha ukingo ulifika, akageuka, na akaanguka kama sisi sote. Sisi wengine tulichimba visigino kwa sababu ya kutembea mteremkoni. Yeye alikuwa ameshinda huko maisha yake yote, mvua na jua, kwa gambuti. Kisigino chake kilikuwa na akili kuliko kichwa.

"Mama Faith, kisigino," nilimwambia kila alipopita.

Siku moja aliogelea mpaka ukingoni akivuta bodi, maji yakimtoka puani.

"Mwalimu, ukisema kisigino unaongea na nani? Na mimi ama na hiyo benchi?"

"Na wewe."

"Basi ongea kama mtu amekula. Huko ndani nasikia tu upepo."

"Sawa."

"Umesema?"

"Nimesema sawa."

"Aki mwalimu."

Tulijaribu mambo mengi. Nilimwambia avue viatu vya maji, akachimba kwa kisigino kitupu. Nilimwambia asimame kwa vidole, akashikwa na mkakamao. Nilichora mstari mwingine mweupe kwenye bodi yake, akawa anautazama badala ya kutazama mbele, akaanguka akiutazama. Kila jaribio lilionekana zuri juu ya karatasi. Mkaguzi wa mtihani alikuwa ameshapanga kuja Ijumaa, na alichotaka kilieleweka: ageuke kulia na ageuke kushoto, miguu ibadilishwe, bodi ikiwa hewani, bila kuanguka.

Jumamosi kabla ya Ijumaa hiyo Mama Faith hakuja kwenye mazoezi. Mama yake ana kipande cha chai karibu na Litein, na siku hiyo lori la kukusanya majani lilikuwa linapita, kwa hivyo alienda kumsaidia. Nilipanda bodaboda nikamfuata, kwa sababu sikuwa na mpango mwingine. Goti lilikuwa bado halijapoa, halikuniruhusu kuingia shambani. Nilikaa juu ya jiwe mwisho wa mistari nikatazama.

Kwa asiyejua, mistari ya chai ni myembamba. Vichaka vinafika kiunoni na chini kuna visiki vya matawi. Mchumaji hatazami miguu, macho na mikono viko kwenye majani. Miguu inajitafutia njia yenyewe. Mwisho wa mstari anageuka na kuingia mstari unaofuata, na kikapu mgongoni. Nilikuwa nimeona hivyo maisha yangu yote, kwa hiyo sikuwa nimeona.

Asubuhi, kikapu kikiwa kitupu, Mama Faith alifika mwisho wa mstari, akachimba kisigino kwenye udongo, akazunguka juu yake kama mlango. Ni kilekile alichokuwa akifanya kwenye bodi. Baadaye, kikapu kikiwa kimejaa, alifika mahali palepale na hakufanya hivyo. Aliinama kidogo magotini. Mguu mmoja ulisogea kidogo, mwingine ukaukaribia, kisha wa kwanza tena, yote kwa wepesi, karibukaribu, na kikapu kilizunguka nyuma yake bila kuyumba. Asingeweza kufanya vingine. Kikapu kilichojaa, ukichimba kisigino na kuegemea nyuma, kinakuvuta uanguke chali, na majani yanamwagika.

Niliendelea kuangalia mpaka mama yake akaacha kuchuma. Mama huyo wajukuu wanamwita Kogo, na mimi pia.

"Huyu kijana anaangalia miguu ya mtoto wangu tangu saa nne," alisema. "Shida yake ni gani?"

Mama Faith alicheka mpaka akashika kichaka. "Mama, ni mwalimu wangu. Anaangalia kazi."

"Kazi gani iko kwa miguu?"

Nilisema, "Mama Faith, tafadhali geuka tena."

Akageuka.

"Sasa shusha hicho. Vaa kikapu cha Kogo, kile kitupu. Geuka hapohapo."

"Mwalimu, jua limekupiga."

Lakini alifanya. Kisha nikamwonyesha chini. Pale alipogeuka na kikapu kitupu palikuwa na shimo la kisigino ambalo kuku angeweza kutagia. Pale alipogeuka na kikapu kilichojaa hapakuwa na shimo. Palikuwa na nyayo ndogo zinazofuatana.

Aliangalia muda mrefu. Hakucheka.

"Kwa hivyo najua," alisema.

"Unajua tangu zamani."

"Na hukuniambia."

"Mimi sikujua."

Nilimwomba Kogo kile kikapu.

"Kikapu changu kinaenda kuogelea?"

"Hakitaingia majini, Kogo. Kitakuwa kwa tairi."

"Kwa tairi," alirudia. Alimtazama binti yake kama kwamba mmoja wetu angeeleza. "Haya. Kirudi kizima."

Kuanzia Jumapili baada ya kanisa Mama Faith alifanya mazoezi juu ya tairi akiwa amebeba kikapu. Kwanza tulikijaza nyasi, na hilo halifai, nyasi ni nyepesi, kisigino kikarudi. Tukakijaza matawi mabichi ya chai iliyokatwa, na hapo uzito ukawa ule ambao mwili wake unaujua. Aligeuka mara nyingi, kulia na kushoto, akishika kipande cha mti badala ya tanga. Wenzake wa zamani wa laini walipita wakirudi kutoka kisimani na madumu.

"Mama Faith, hapo juu ya tairi unachuma chai ya nani?"

"Ya nyanya yako."

"Na lori itapita hapo saa ngapi?"

"Ikipita nitakuambia uisukume."

Majini hatukubeba kikapu, na msije mkajaribu, kitawazamisha. Alikibeba kwa kufikiri tu. Jumatatu alianguka kama kawaida. Jumanne upepo haukuja. Jumatano aligeuka upande wa kulia, bodi ikashuka majini kidogo ikapanda tena, naye akaendelea moja kwa moja mpaka ukingoni kwa sababu alisahau kwamba anatakiwa kugeuka tena. Upande wa kushoto ulibaki mgumu. Kwenye kipande cha Kogo, na kule shambani alikochuma pia, mistari inapanda ikizunguka kulia, kwa hivyo kushoto alikuwa amegeuka mara chache katika maisha yake. Alhamisi aligeuka kushoto mara moja tu. Hatukujua kama ni yeye ama ni bahati.

Ijumaa mkaguzi alikuja. Alikuwa mwanamke wa makamo kutoka Pwani, mpole, amevaa sweta mbili. Aliuliza upepo huja saa ngapi. Nilimwambia atazame moshi wa kiwanda na vilele vya mikaratusi. Moshi ukilala na vilele vikianza kuinama, upepo umefika, na huwa mzuri kwa muda mfupi, kwa sababu nyuma yake kuna mvua. Hapa kwetu nyuma ya mvua kuna mvua ya mawe, na kuna radi. Filimbi ikilia, kila mtu anatoka majini, hata kama alikuwa karibu kufaulu. Sheria hiyo ni ya Okello na haina msamaha.

Mchana moshi ulilala. Mama Faith aliingia. Alipaa karibu na ukingo wetu, akafika ng'ambo, akageuka kulia. Miguu ilibadilishana juu ya mstari, tanga likahama, bodi haikugusa maji. Mkaguzi alisema, "Vizuri sana," kwa sauti ndogo. Mama Faith akaja upande wetu, akageuka kushoto, na nikaona kisigino kabla hakijashuka. Pua ilipanda. Alianguka chali.

Nyuma ya mikaratusi mbingu ilikuwa nyeusi. Mkaguzi aliitazama, akatazama filimbi iliyokuwa shingoni mwangu.

"Ana nafasi moja tena," alisema. "Wingu likifika kwenye miti ile, umpulizie."

Mama Faith alipanda tena. Ilibidi aende mpaka ng'ambo, ageuke kulia, arudi, ndipo apate kushoto. Kulia alipita salama. Wingu lilikuwa limefika juu ya paa la kiwanda. Alikuwa akirudi kwa kasi kwa sababu upepo ulikuwa umeongezeka, na nikajua kwamba kasi hiyo itamwambia tunateremka. Faith alikuwa amesimama karibu nami katika yunifomu ya shule. Hakuwa akitazama bwawa, alikuwa akitazama viatu vyake.

Mimi sipigi kelele. Darasani nilikuwa nikijua jibu na kukaa nalo. Lakini filimbi nilikuwa nayo mkononi, na benchi ilikuwa nyuma yangu, na nilijikuta nimesimama.

"Mama Faith, kikapu! Kimejaa!"

Wanasema nilisikika mpaka jikoni.

Aliinama magotini. Alitoa mguu wa nyuma, akaubonyeza kwa vidole, bodi ikaanza kuzunguka. Mguu mmoja ulisogea, mwingine ukaukaribia, ikawa miwili pamoja juu ya mstari, kama alivyotaka Okello, na mgongo wake ulikuwa umebeba kitu ambacho sisi wengine hatukukiona. Kisha uliokuwa mbele akaurudisha nyuma. Tanga likahama. Bodi ilikuwa bado hewani. Tone la kwanza la mvua liliniangukia mkononi nikapuliza filimbi.

Mvua ya mawe ilitukuta sote kwenye stoo. Chini ya mabati husikii mtu. Mkaguzi alimpa Mama Faith mkono, akautikisa sana, kisha akanisogelea na kusema kwa nguvu sikioni, "Ulimwambia nini?"

"Kikapu."

"Nini?"

Nilimwonyesha. Kilikuwa kimening'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, matawi bado yamo. Alikiangalia, akaingiza mkono, akapima uzito. Alisema kwao hufundisha kwa njia nyingine. Kisha akaomba chai, na Mama Faith, akiwa bado na maji, akaenda kuipika, kwa sababu hakuna mwingine aliyejua majani yalipo.

Faith anamalizia shule hapohapo. Mimi nilikaa bwawani muda mfupi zaidi, nikimwonyesha Mama Faith skrubu, ambazo alikwisha kuzijua, na nilipoona kwamba ninarudia maneno niliacha kuja kila siku.

Mara ya mwisho nilipopita, Kogo naye alikuwa amekuja kuulizia kikapu chake. Nyuma ya stoo, juu ya tairi, kulikuwa na mama mmoja wa ofisini kutoka mjini, mwenye miwani ya jua, amebeba kikapu kilichojaa, akijaribu kugeuka kushoto. Mama Faith alikuwa ameketi kwenye ngazi ya Okello, kikombe mkononi.

"Miguu kwa mstari. Sio huko. Unaogopa mstari?"

Kogo alisimama kando yangu akiwatazama.

"Huyo anachuma nini?" aliniuliza.

"Hachumi, Kogo. Anajifunza kugeuka."

Alitazama miguu ya yule mama kwa muda, kama nilivyowahi kutazama miguu ya binti yake. Tawi moja lilitoka kikapuni likaanguka kwenye nyasi.

"Basi mwambie asimwage," alisema, akaenda kutafuta chai.